Dhamana ya Kitu Chenye Madhara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na kuharamisha dhulma. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu kabla ya kupewa Utume, na ziwashukie jamaa zake na Masahaba wake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo limo ndani ya kila nyumba, nalo ni madhara yanayomfika mtu kutokana na kitu alichokinunua au alichotengenezewa. Taa imelipuka mkononi. Mashua mpya imevuja usiku katikati ya ziwa. Unga umewaumiza watoto matumbo. Dawa ya kupaka imemharibu binti ngozi. Je, aliyekitengeneza kitu hicho na aliyekiuza wana dhamana yoyote mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya sheria? Na yule aliyeumia, akisimama kudai haki yake, je, huwa ameikosa subira?

Tunauliza swali hili la pili kwa sababu tumelisikia mara nyingi katika misiba ya watu wetu wa pwani ya ziwa, kuanzia Mwanza hadi Ukerewe, Sengerema, Bukoba na Musoma. Mtu akishazikwa, jamaa hukaa kimya wakasema: imeandikwa. Na aliyeuza kile kilichoua naye husema: imeandikwa. Neno ni moja, lakini kwa mfiwa ni imani, na kwa muuzaji laweza kuwa ni mlango wa kukimbilia. Basi na tulifafanue.

Kadari na Dhamana

Sisi Waislamu tunaamini Kadari, kheri yake na shari yake. Hapana mtu afaye kabla ya siku yake. Lakini Mola aliyeikadiria siku hiyo ndiye huyo huyo aliyeteremsha hukumu ya aliyeua. Tazameni Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, ambayo inazungumza juu ya mtu aliyemuua Muislamu mwenzake kwa kukosea, pasipo kukusudia. Mwenyezi Mungu hakumwambia mtu huyo kwamba madhali hakukusudia basi aende zake. Amemwekea mambo mawili: kafara, ambayo ni haki ya Mwenyezi Mungu, na dia, ambayo ni malipo wanayokabidhiwa jamaa za aliyekufa, isipokuwa wao wenyewe waamue kusamehe.

Zingatieni, ndugu zetu. Kama Kadari ingekuwa inaifuta dhamana, isingekuwapo dia hata moja duniani, kwa kuwa kila kifo kimekadiriwa. Subira ni ya moyo wa mfiwa, na dhamana iko juu ya mali ya aliyedhuru. Hayo mawili hukaa pamoja pasipo kugombana. Mjane anayedai fidia ya mumewe hakuikataa Kadari. Na kusamehe ni fadhila kubwa, lakini msamaha hutolewa na mwenye haki kwa hiari yake, akiisha kuijua haki yake. Mtu hawezi kusamehe asichojua kuwa anadai, wala aliyedhuru hana ruhusa ya kujisamehe mwenyewe.

Chungu ya Nafaka Sokoni

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) habari ambayo wengi wenu mnaijua. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaikuta chungu ya nafaka inayouzwa. Akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenye nafaka sababu yake. Yule mtu akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba anayeghushi hana nafasi katika umma wake.

Katika kisa hiki kifupi mna mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba muuzaji alijibu kwa Kadari, maana mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Mtume hakumlaumu kwa mvua; alimlaumu kwa kuificha. La pili ni kwamba Mtume hakutosheka kutazama juu ya chungu. Aliingiza mkono, na hapo ndipo ulipo msingi wa ukaguzi wa masoko, kazi ambayo baadaye ilifanywa na maofisa walioitwa muhtasibu katika miji ya Kiislamu. La tatu ni kwamba nafaka iliyorowa si dosari ya uzito na bei peke yake. Nafaka ikikaa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine huzaa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Sumu hiyo haiondoki yote kwa kupika ugali. Mwaka 2016 hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo iliyokuwa katika mahindi, na 20 kati yao wakafa. Basi yule anayechanganya gunia la mahindi yaliyoota ukungu na magunia mawili mazuri ili yasionekane, ajue kuwa aliyoyafanya ni makubwa kuliko kupunja kipimo.

Waliyoyapanga Wanavyuoni

Wanavyuoni wa fikihi wamelipanga suala hili kwa uangalifu. Sisi tutataja misingi minne.

Msingi wa kwanza ni khiyari ya aibu. Kitu kikionekana kuwa na ila ambayo ilikuwapo kabla mnunuzi hajakipokea, ana haki ya kukirudisha na kurudishiwa fedha yake, na asichelewe akiisha kuijua. Ama muuzaji anayeijua ila, ni wajibu kwake kuitaja hata kama hakuulizwa.

Msingi wa pili ni juu ya muuzaji anayesema: nakuuzia kama kilivyo, sina dhamana. Wengi hudhani kuwa maneno hayo yanawatoa katika kila lawama. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu katika Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji katika jambo dogo sana: ila ya ndani ya mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni kwamba maradhi ya mnyama hujificha hata kwa mwenyewe. Ama aliyeijua ila akainyamazia, hapana sharti la kumwokoa.

Msingi wa tatu ni tofauti baina ya mwenye kutenda na mwenye kusababisha. Aliyempiga mtu jiwe ametenda. Aliyechimba kisima katikati ya njia ya watu, akaja mpita njia usiku akatumbukia, huyo amesababisha, naye ni mdhamini kwa kuwa amechimba mahali ambapo hakuwa na haki ya kuchimba. Mtu wa pili akimsukuma mpita njia kwa makusudi, dhamana huhamia kwa aliyesukuma.

Msingi wa nne ni juu ya fundi na tabibu. Imepokewa kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, kisha akadhuru, atadhamini. Na imepokewa kutoka kwa Seyyidna Ali (R.A.) kwamba aliwadhaminisha mafundi vitu vya watu vilivyoharibika mikononi mwao, akaona kuwa mambo ya watu hayatengenei ila kwa hivyo. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya fundi asiyezembea, lakini hawakuhitilafiana juu ya fundi aliyezembea au aliyekiuka mpaka.

Sasa na tuitumie misingi hiyo katika mfano wetu wa karibu. Uvuvi wa dagaa hufanywa katika usiku wa giza, na kwa miaka mingi taa yake ilikuwa karabai. Ingawa siku hizi wengi wamehamia taa za betri na za nguvu ya jua, karabai na koroboi hazijaisha majumbani wala ziwani. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafikie joto la digrii 38 hivi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata penye baridi kali. Kwa hiyo petroli kidogo ikiingia katika mafuta ya taa, tangi la karabai hujaa mvuke unaosubiri cheche, na taa hugeuka kuwa baruti. Mnunuzi hawezi kuyatambua hayo kwa macho.

Aliyechanganya mafuta hayo kwa kutafuta faida ndiye aliyechimba kisima njiani. Dhamana ya aliyeungua iko juu yake, hata kama hamjui aliyeungua wala hakumuuzia kwa mkono wake. Mwenye duka aliyejua akauza ameshirikiana naye. Na mwenye duka ambaye kwa kweli hakujua, na hapakuwa na dalili ya kumtia shaka, hana dhambi ya kughushi. Lakini imemlazimu kurudisha fedha, kuacha kuuza papo hapo, kuwaonya wote aliowauzia, na kumtaja aliyemletea. Akikaa kimya baada ya kujua, udhuru wake umekwisha. Ama mtu aliyeuziwa mafuta safi na akaonywa, kisha akajitilia petroli mwenyewe katika karabai, huyo amejisukuma kisimani.

Sheria ya Nchi

Ndugu Waislamu, katika Tanzania sheria ya Kiislamu hutumika mahakamani katika mambo kama ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Madai ya kuumizwa na bidhaa hupelekwa katika mahakama za nchi kwa sheria za nchi. Basi ni lazima tuzijue, na mwenye kuzitazama ataona kuwa katika jambo hili hazikwenda mbali na tuliyoyataja.

Mahakama zetu zilirithi misingi ya sheria ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za Uingereza zilizofuata huangaliwa kama mwongozo. Kwa muda mrefu Waingereza walishikilia kwamba mwenye kudai ni lazima awe ndiye aliyefanya mkataba na muuzaji. Kisha ikaja kesi ya bibi mmoja wa Scotland, May Donoghue. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley, rafiki yake alimnunulia chupa ya soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nyeusi, haionekani ndani. Alipokwisha kunywa kiasi, alidai kuwa konokono aliyeoza alitoka katika chupa hiyo, naye akaugua. Yeye hakununua, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 Mahakama ya juu ya Uingereza, katika Baraza la Malodi, iliamua kwamba mtengenezaji anayetoa bidhaa itakayomfikia mtumiaji wa mwisho jinsi ilivyotoka kwake, pasipo nafasi ya kukaguliwa njiani, ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji huyo. Je, hapana mfanano baina ya chupa nyeusi na chungu ya nafaka iliyorowa chini?

Pamoja na msingi huo, ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa kwa kazi iliyokusudiwa. Ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, ambayo inakataza kumdanganya mlaji na inahusu pia usalama wa bidhaa. Lipo Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na ambalo sasa linafuata sheria ya mwaka 2009. Tangu mwaka 2019 shirika hilo ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula na vipodozi, na dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa hiyo dada aliyeharibiwa ngozi na kipodozi chenye zebaki, ambayo hudhuru hata mafigo, anajua sasa mlango wa kubisha.

Madai ya kudhuriwa kwa uzembe yana muda wa miaka 3 tangu haki ya kudai ilipopatikana, na madai ya kuvunja mkataba yana miaka 6. Anayetaka kuishtaki Serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Na aliyefiwa asidhani kuwa haki imezikwa na maiti, kwa maana sheria inawapa wategemezi wa marehemu nafasi ya kudai fidia.

Vyombo vya Ziwa Letu

Hatuwezi kuzungumza juu ya chombo chenye ila mbele ya watu wa Mwanza pasipo kuikumbuka meli ya MV Bukoba. Ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba kwa njia ya Kemondo, ikiwa imekaribia Mwanza. Meli hiyo ilitengenezwa mwaka 1979, na ilikusudiwa kubeba abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800, na wengi wamelala katika makaburi ya Igoma. Serikali iliunda Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Robert Kisanga. Mambo mawili yalijitokeza pamoja: meli kujazwa kupita kiasi, na meli yenyewe kuwa na upungufu wa utulivu majini.

Tuueleze upungufu huo. Chombo chochote kina mahali ambapo uzito wake umekusanyika. Mahali hapo pakiwa chini, chombo kikilala upande hurudi chenyewe. Pakiwa juu mno, kikilala huendelea kulala mpaka kipinduke. Chombo kilichotoka kiwandani na utulivu mdogo, kikipakiwa mizigo na watu sehemu ya juu, hupunguziwa hata kile kidogo kilichokuwa nacho. Hapo ila ya mtengenezaji na uzembe wa mpakiaji vimeshikana mikono. Wala hapana hata mmoja kati yao anayeoshwa na kosa la mwenzake.

Ikapita miaka 22. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugorora kwenda Bwisya, katika kisiwa cha Ukara, kilipinduka kikiwa karibu na kufika. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walikuwa 228.

Tunayataja haya ili tuione minyororo ya dhamana. Yupo aliyechora na kuunda chombo. Yupo mwenye chombo, ambaye akiijua ila yake humlazimu kukiondoa majini hata kama faida itakatika. Yupo mkaguzi aliyetia sahihi. Yupo nahodha, na yupo aliyeuza tiketi baada ya nafasi kwisha. Kila mmoja hubeba kwa kadiri ya alichokijua na alichokifanya. Na fundi wetu mdogo wa mashua pale ufukweni, anayeziba ufa wa mbao kwa rangi badala ya kuukalafati, na muuza majaketi ya kuokolea maisha ambayo ndani yake mna kitu kinachonyonya maji, wasijione wadogo. Mnyororo wao ni mfupi zaidi, na dhamana yao iko karibu zaidi.

Wala sisi wa ziwani hatukuwa wanunuzi tu katika mambo haya. Mwaka 1999 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria, baada ya habari za watu waliokuwa wakivua kwa sumu ya kuulia wadudu. Wachache walitia sumu majini, na viwanda vya samaki, wavuvi na wachuuzi wasiokuwa na kosa wakapata hasara. Samaki aliyevuliwa kwa sumu ni bidhaa yenye madhara kama ilivyo taa yenye petroli, na aliyemvua ni mdhamini wa kila tumbo litakaloumia.

Tufanye Nini

Kwa wenye biashara na mafundi tunasema: fahamuni ila ni za namna tatu. Iko ila ya namna kitu kilivyobuniwa, iko ila iliyoingia katika kukitengeneza, na iko ila ya kutomwonya mtumiaji juu ya hatari isiyoonekana. Semeni kabla ya kuulizwa. Mkijua kuwa mmeuza chenye hatari, kitangazeni na mkirudishe, kwa kuwa hasara ya fedha ina mwisho, na deni la damu hulipwa mbele ya Mola kwa matendo mema ya mwenye kudaiwa.

Kwa walaji tunasema: ombeni risiti na muihifadhi. Mtu akiumia, mpelekeni hospitali kwanza. Na pale panapohitajika, chukueni fomu ya PF3 kituo cha polisi. Msikitupe kitu kilichodhuru, wala msikirudishe kwa aliyekiuza kabla hakijaonwa na wahusika, kwa sababu hicho ndicho shahidi wenu. Andikeni tarehe na majina ya walioona. Toeni taarifa katika ofisi ya Shirika la Viwango, na mtafute msaada wa mwanasheria mapema kabla muda haujapita. Msidai zaidi ya madhara yaliyowafika, kwani kuzidisha nako ni dhulma. Na ndani ya nyumba, chupa iliyokuwa na dawa ya wadudu isitiwe mafuta ya kupikia wala maziwa, hata ikioshwa mara saba.

Kwa wanafunzi tunasema: someni mlango wa biashara katika vitabu vya fikihi kama mnavyosoma mlango wa twahara. Atakayeshika kazi ya ukaguzi kesho, naye akumbuke mkono wa Mtume (S.A.W.) ulioingia ndani ya nafaka, usiishie juu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika ziwa letu, awape subira wafiwa wao, aziponye nyoyo na miili ya walioumizwa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wauzaji wenye kubainisha na wanunuzi wenye insafu. Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.